Viraka vya Idi

Alfajiri ya Idi iliyopita, katika kijiji cha Kagunga nyumbani kwa wakwe zangu, kabla hata sijatia udhu, alibisha hodi mtoto wa jirani mwenye kapu la mchele kichwani, akaniamkia kwa adabu, akalitua miguuni pangu na kutamka kwa sauti ya mtu aliyefunzwa maneno akayahifadhi: "Shikamoo. Babu kasema hii ni fitri yenu, mumwombee saumu yake ipokewe." Sijapata ulimi wa kujibu, nikamwona wa pili anapanda kutoka ufukoni, naye ana kapu.

Zaka ya fitri, kwa aliyesahau darasa la chuoni, hupasa jua la mwisho la Ramadhani linapokuchwa, na hutakiwa iwe imemfikia mwenyewe kabla ya sala ya Idi; kipimo chake ni pishi moja kwa kila kichwa, nayo ni vibaba vinne, au kilo mbili na nusu hivi kwa mizani ya dukani. Hapewi mgeni kwa ugeni wake, wala mkwe kwa ukwe wake, hupewa mhitaji. Mimi nilikuwa nimekwisha toa yangu Ujiji, kwa kila kichwa cha nyumba yangu, na stakabadhi ya dua nilikuwa nayo moyoni.

Lililoniletea balaa hii ni tandiko. Ramadhani nzima, baina ya adhuhuri na alasiri, saa ambazo tumbo humkumbusha mtu majina ya vyakula vyote alivyopata kuvionja tangu utotoni, nilikuwa nikiketi barazani na sindano, nikiunga mabaki ya vitenge aliyonipa fundi cherehani wa mtaani, kwa nia ya kumtunukia mama mkwe siku ya sikukuu kitu ambacho fedha haiwezi kukikuta dukani.

Na hapa naomba radhi kwa msomaji mwenye haraka, kwa maana kazi hii ina maajabu yake na siwezi kuyapita kimya. Tandiko la viraka ni tabaka tatu: uso wa vipande vilivyoungwa, moyo wa pamba au blanketi kuukuu, na mgongo wa kitambaa kizima; tabaka hizo hupigwa bandi kwanza ili zisiteleze, kisha hushonwa mishono midogo inayopenya zote tatu. Wamarekani, ambao wameifanya sanaa hii kuwa kama elimu ya nyota, hukata kwanza miraba na pembetatu, wakazipa sura na kila sura jina lake; mtindo wao mmoja mashuhuri huanzia kiraka kidogo chekundu, ndiyo meko, kikazungushiwa vipande vyembamba virefu, ndiyo magogo ya ukuta wa nyumba, hata familia nzima ikalala chini ya nyumba iliyochorwa kwa uzi. Njia hiyo inataka hesabu isiyo na huruma. Kila mshono huacha ukingo wa robo inchi, na fundi akipotoka unene wa uzi mmoja tu katika kila mshono, kosa halimwambii neno mwanzoni. Linakwenda likijikusanya kimyakimya, hata afikapo ukingoni akute upande mmoja umeupita mwenzake kwa vidole viwili. Tena ole wake aliyekata kitambaa hanamu! Uzi uliokwenda wima hutii, na uliokwenda kingamo hutii, lakini mkato wa hanamu huvutika ukishikwa, huvutika ukipigwa pasi, na nathubutu kusema huvutika hata ukitazamwa. Ongeza hapo tabia ya kitenge chenyewe, ambacho, kikiwa cha nta halisi, hupigwa nta pande zote mbili kabla ya rangi, na michoro yake ni mikubwa kwa kuwa ilikusudiwa mwili wa binadamu na si kiraka cha kiganja. Hivyo mkasi ukipita, jogoo hubaki mguu, na mguu ule huangukia ubavuni mwa feni, na feni juu ya jicho la tausi.

Kwa sababu hizo nikaiacha njia ya Wamarekani nikafuata ya Masidi. Hao ni watu wa asili ya Afrika walioko katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi ya Bara Hindi, ambao wahenga wao walivushwa bahari katika biashara ya utumwa na Waarabu na Wareno, na wanawake wao hushona matandiko ya viraka yasiyotaka rula wala kigezo. Hutandaza chini kitambaa, mara nyingi sari kuukuu, wakaanzia pembeni; kiraka hukunjwa ukingo wake kwa kidole na kushonwa papo hapo, kingine kikakilalia kidogo, na kazi huzunguka kingo zote nne, duru ndani ya duru, ikielekea katikati mpaka nafasi ijae. Pembe nne hutiwa vijipembetatu vya nguo iliyokunjwa, wanaviita maua, na tandiko lisilo na maua hayo kwao ni kama mtu aliye uchi. Mimi niliyatia yote manne. Kidole changu cha shahada kilichochomwa hata juu ya kastabini kinaweza kutoa ushahidi.

Basi tukapanda boti Kigoma, tukapita milima ya Gombe mkono wa kulia, tukashuka Kagunga magharibi ya siku ya mwisho ya mfungo. Mwezi ulipoandama na vigelegele vikatulia, nililifungua furushi langu mbele ya mama mkwe, mjomba wa mke wangu na majirani waliokuja kupeana mkono wa Idi, nikalitandaza mkekani chini ya taa.

Kikapita kimya. Mjomba akashika pembe moja, akalipindua apate kuuona mgongo, akalirudisha taratibu jinsi mtu afunikavyo mgonjwa. Mama mkwe alikuwa akitazama viraka na si tandiko. Jicho lake lilikwenda kutoka mguu wa jogoo mpaka jicho la tausi, likaja likatua juu ya shati langu, likaikagua kola.

"Ahsante, Baba Zuhura," alisema. "Mungu akuzidishie." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na watoto, wanakula?"

Nikajibu kwamba wanakula vizuri, alhamdulillahi, na nadhani nilijibu kwa bidii mno, kwa kuwa majirani waliangaliana. Usiku ule kila aliyepita uani alinong'ona, na katika minong'ono niliambulia neno moja tu, viraka. Kwani Idi ni siku ya nguo mpya. Mtu aliyeshinda mwaka mzima na kanzu moja hukopa ili asubuhi hiyo asionekane na kiraka, nami nimesafiri ziwani na viraka visivyo na idadi, nikavipeleka kwa mama wa mke wangu. Shemeji yangu mdogo, mvuvi wa dagaa, alinivuta kando penye mwanga haba. Usiku wa Idi hauna mwezi wa haja, na giza ndilo soko la wavuvi, kwa sababu dagaa huifuata taa mahali ambapo mbalamwezi haishindani nayo. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika. "Shemeji," akasema, "leo giza ni zuri, na nina nafasi ya mtu wa kushika taa. Utapata fungu lako, na mjini hatajua mtu."

Ndipo alfajiri yakaja yale makapu. Nilitaka kuyarudisha, mjomba akanizuia kwa hoja kwamba anayekataa fitri humvunja mtoaji saumu yake, kisha akaanza kunipitisha katika makundi manane yanayostahiki zaka, akitafuta lililo laini zaidi kwa heshima yangu: kama sitaki ufukara, kuna umaskini, kama sitaki umaskini, kuna wenye madeni, na kama yote yananichoma, basi nijihesabu mwananjia aliyeishiwa. Nikaona nitumie tarikhi. Nikamweleza kuwa huko Sudani wafuasi wa Mahdi, aliyesimama mwaka 1881, walivaa majuba ya viraka kwa kuikataa dunia, na kwamba haukupita muda viraka vikaanza kushonwa juu ya majuba mapya yasiyo na tundu hata moja, kwa mpango na kwa rangi, hata likawa ndilo vazi la maamiri. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu muungwana.

"Na maamiri hao," akauliza, "nao waliletewa mchele?"

Mke wangu alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Ningalicheka nami, lau nisingaliingia chumbani kwa mama mkwe kuchukua koti langu nikaona blanketi la nailoni lenye picha ya chui, zawadi ya mkwe mwenzangu, limekaa juu ya kabati ndani ya mfuko wake wenye zipu, halijaguswa, na wageni huingizwa mmoja mmoja kulitazama. Chui yule hakushonwa na mtu. Alichapwa na mashine isiyojua kama ilikuwa ikichapa chui au mbuzi. Hapo mzaha hunitoka. Huko Ujiji namjua mama anayefuma vitambaa vya makochi na kudarizi mashuka, ambaye miwani yake sasa ni mizito kwa kazi hiyo, na nimemwona mteja aliyetoka kulipa dukani bei iliyoandikwa, bila kukohoa, akikaa barazani pake na kumhesabia donge la uzi: uzi ni kiasi fulani, basi nikuongezee hela ya soda. Macho hayamo katika hesabu ile, wala mgongo, wala zile jioni. Washonaji wa kofia za viua hufanyiwa vivyo hivyo, tundu kwa tundu, wiki kwa wiki, kisha kofia hiyo hiyo ikivuka bahari hadi Maskati watu huiulizia bei wakiwa wamesimama.

Nami sikukoma; baada ya Idi nilishona mto wa harusi, na bwana harusi ndiye aliyeipata sindano iliyosahaulika ndani yake. Kofia niliyojaribu kuitia wanga wa muhogo ilisimama vizuri, ila haikukubali tena kuingia kichwani.

Na Desemba, jirani yangu Mkristo aliyekuwa akitafuta zawadi ya Krismasi ya bintiye aliomba kuliona tandiko la pili ambalo nilikuwa nimelifikisha nusu. Akalipapasa, akayasifu maua ya pembeni, akauliza bei. Nilipoitaja, alinyamaza akapiga hesabu, kisha akasema kwa upole kwamba kwa fedha hizo angepata chui wawili. Nikamwelekeza dukani.