Yah: Maombi ya Kumalizia Kuvunja Posta

Kwa Waheshimiwa mnaotoa vibali vya ujenzi, Dar es Salaam.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, hongereni. Jengo la kale la Salamander, pale mtaa wa Samora, limekwenda na baraza zake. Lakini kazi mmeiacha njiani, na majengo ya kale yaliyobaki hapa Posta, katikati ya mji, yanatutia aibu mbele ya wageni.

Tazameni Boma la Kale. Sultan Majid alilijenga miaka ya 1860 kwa mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi, wakae wageni wake. Ghorofa moja tu, waheshimiwa, kwenye kiwanja kinachotazama bandari! Na kuta zake nene zinatunza ubaridi bila kiyoyozi, jambo linaloikosesha TANESCO mapato. Kisha kuna kanisa la Azania Front, la Wajerumani, na vigae vyake vyekundu. Zamani mabaharia waliuona mnara wake kutoka mbali. Sasa mnara huohuo unawaziba wapangaji wa maghorofa wasiione bahari. Nani awalipe fidia?

Sanamu ya Askari nayo ing'oeni, mfano upo. Kabla yake Wajerumani walimsimamisha hapo Hermann von Wissmann, yule aliyeuzima upinzani wa Abushiri dhidi yao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakamwondoa, na mwaka 1927 wakamweka huyu askari mweusi mwenye bunduki. Wissmann alikuwa na jina. Askari hana, kwa hiyo hakuna ndugu atakayekuja kudai mirathi. Wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita hiyohiyo hawakupata hapa mjini hata sanamu yao wenyewe, hivyo hao mmeshamalizana nao.

Kuna wanaosema ya kale ni hatari. Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Boma, lenye zaidi ya miaka 150, limesimama. Nadhani ni ukaidi tu.

Ombi langu dogo: kabla ya nyundo ya kwanza, bandikeni ukutani karatasi ya Kiswahili yenye jina la mwenye jengo, jina la aliyetia saini kibali na tarehe ya kupokea pingamizi. Iachwe hapo mwezi mzima, tusome.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Mpita njia wa Samora