Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wasahihishaji, Juu ya Alama Hamsini

Kwa Waheshimiwa Wasahihishaji wa Mtihani wa Dola, Kinshasa.

Baada ya salamu na taadhima ziwastahikizo watu ambao kalamu yao, au mashine yao, huamua mustakabali wa mtoto bila ya kumwona uso, naarifu ya kuwa matokeo yametufikia salama hapa Kingi, katika milima ya Masisi. Tulipanda kilimani kuufuata mtandao, na ujumbe ulipoingia katika simu, mpwa wangu akausoma kwa sauti, kisha akaurudia kwa sauti ndogo zaidi: amefaulu, asilimia 50.

Mama yake hakungoja maelezo. Alimmwagia poda kichwani hadi mabegani, kama ilivyo ada yetu kwa kila aipataye diploma, na majirani wakalimaliza kopo. Ilikuwa usiku, poda imekwisha kuoshwa, ndipo binti huyo, ambaye darasani hakupata kushuka chini ya nafasi ya pili tangu aanze masomo ya biolojia na kemia, aliponiuliza: mjomba, tuombe karatasi yangu isahihishwe upya?

Nimelipima shauri hili kwa insafu, na kadiri nilivyolipima ndivyo nilivyozidi kuistaajabia hekima yenu. Lau mngalimpa 35, tungaliomba siku ile ile, maana aliyekwisha kuanguka hana pa kuangukia tena. Lau mngalimpa 80, tungalipiga ngoma na kuwaombea dua. Lakini mmempa 50, alama itoshayo kumfunga mtu mdomo wala isitoshe kumfungulia mlango wa kitivo cha utabibu anachokitamani, na ambayo fadhila yake kubwa ni kwamba humpa mwenye malalamiko kitu cha kupoteza. Huenda wino wake ulipauka kwa unyevu wa milima yetu, mashine isiyaone majibu yake. Lakini huenda pia mkalifumbua jicho mkagundua jibu moja mlilomhesabia kwa ukarimu, akashuka hadi 49, na poda ile, Waheshimiwa, hairudi koponi. Mtihani huu umedumu tangu 1967, tawala zimeanguka na nchi imebadili jina mara mbili, na bado sijaona katika sheria zetu zote kifungu kinyamazishacho raia kwa upole kama alama hiyo moja.

Wala sisemi kwamba haitufai. Barabara yetu ya kwenda Sake ni nusu barabara, na nusu yake ya pili ni tope limezalo malori ya viazi na jibini; amani yetu ni nusu, yaani ile ya mchana. Elimu ya bure iliyotangazwa 2019 iliishia kwenye kizingiti cha shule ya msingi, na mwalimu wa sekondari ambaye jina lake halijafika katika orodha ya mishahara hula kile wazazi wanachokiuza, maharagwe yakikubali, naye kwa haki kabisa hufundisha kwa kadiri anavyokula. Darasa lenyewe lilifungwa kila bunduki ziliposogea, likafunguliwa watoto waliporudi kutoka walikokimbilia, wale waliorudi. Kwa watu waliozoea kupokea nusu ya kila kitu, asilimia 50 ni takwimu ya kweli kuliko zote zilizopata kutoka Kinshasa.

Imebaki njia. Tukiazimia kuomba, ombi tulipeleke wapi? Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, makao ya jimbo letu yakahamishiwa Beni, nayo Kinshasa iko ng'ambo ya msitu usiopitika kwa gari. Baina yetu na kila mojawapo pana vizuizi, kila kizuizi kina kamba yake na bwana wake, na hakuna bwana aliyewahi kuuliza, kabla ya kutoza, kama msafiri anakwenda kudai haki au kuuza kuku. Na huko mwisho wa safari, rufani hupokelewa na hakimu yule yule aliyehukumu.

Kwa hiyo tumekata shauri kuomba nusu ya ombi. Ifungueni karatasi, mwitazame kwa utulivu. Mkiona kosa lililotufaidisha sisi, lifunikeni kwa staha, na mkiona kosa lililotudhulumu, tuandikieni, nasi tutapanda tena kilimani kuupokea ujumbe. Namba ya mtahiniwa sikuiandika, wala jina lake, wala shule yake, kwa sababu ambazo mnazielewa. Mtafuteni tu miongoni mwa wenye 50.

Mjomba wake,
Kingi.