Kasida ya Mpanga Orodha

Washairi wamewasifu masultani, manahodha, wanawali na hata tembo la mnazi. Mpanga orodha hana aliyemsifu. Namzungumzia yule shabiki wa filamu za James Bond ambaye hawezi kuzitaja bila kuzipanga: ipi ya kwanza, ipi ya pili, ipi iburute mkia. Ni mtu mzima, ana kazi, ana watu wanaomtegemea, na bado usiku wa manane utamkuta akihangaika kama Thunderball ikae nafasi ya tisa au ya kumi na moja. Asubuhi anaipandisha hadi ya saba. Hakuna aliyemtuma, hakuna anayemlipa, na mkewe (mpanga orodha mara nyingi huwa ni mwanamume, tusifichane) aliacha kuuliza zamani. Watu wanamdharau. Mimi nakusudia kumpamba kwa sifa zote anazostahili, na nyingine chache zisizo zake.

Tuanze na ukubwa wa kazi. Kampuni ya Eon ya Uingereza ilitoa Dr. No mwaka 1962, na ilipofika No Time to Die ya 2021 ilikuwa imetoa filamu 25. Kwa asiye shabiki, hizo si filamu 25 hata kidogo. Ni filamu moja iliyotengenezwa mara 25. Jamaa anatembea mbele ya tundu la mtutu, anageuka, anafyatua, damu inashuka. Anaitwa ofisini kwa mkuu wake M, anakabidhiwa vifaa na Q, anapanda ndege hadi kwenye bahari ya buluu, anakutana na tajiri mwenye kovu au paka, tajiri anamweleza mpango wake wote badala ya kumpiga risasi, ngome inalipuka, na jasusi anabaki kwenye boti na mrembo huku wakubwa wake wa London wakimwita redioni bila kujibiwa. Mtoto wa darasa la tatu akiona mbili, ya tatu atakusimulia kabla haijaanza.

Nani basi aliyezifanya ziwe 25? Ni mpanga orodha. Yeye ndiye anayejua kwamba anayetembea mbele ya mtutu katika filamu tatu za mwanzo si Sean Connery, bali ni Bob Simmons, mtu wa kuruka na kuanguka badala ya waigizaji. Yeye ndiye aliyenung'unika Quantum of Solace na Skyfall zilipolisukuma tundu lile hadi mwisho wa filamu, na liliporudi mahali pake kwenye Spectre mwaka 2015 akashusha pumzi kana kwamba nchi imepata uhuru. Sisi wengine tulikuwa bado tunatafuta viti gizani.

Kabla hajapanga chochote, lazima kwanza aamue anapanga ngapi. Akisema 25, basi Never Say Never Again ya 1983 imetupwa nje, ingawa ndani yake yumo Connery mwenyewe. Haikutoka Eon. Ilitokana na ugomvi wa Kevin McClory, aliyeshirikiana na Ian Fleming, mtunzi wa Bond, kwenye hadithi iliyokuja kuwa Thunderball, wakafikishana mahakamani mwaka 1963, na McClory akatoka na haki ya kuifanya filamu. Ukiikaribisha hiyo, utaifukuzaje Casino Royale ya 1967, kichekesho ambacho ndani yake David Niven ni James Bond, na Woody Allen naye ni Jimmy Bond, mpwa wake? Wapo waliovunja urafiki juu ya swali hili kabla hata hawajaigusa nafasi ya kwanza. Fleming hakupata taabu hiyo: alifariki Agosti 1964, mwezi mmoja kabla ya Goldfinger kuzinduliwa. Orodha yake ingekuwa na filamu mbili.

Mashabiki wa Simba na Yanga wanabishana wiki nzima, lakini siku ya mechi refa anapuliza filimbi na upande mmoja unanyamaza, walau hadi Jumatatu. Ubishi wa Bond hauna refa wala mechi ya marudiano. Fedha hazimalizi ubishi: Moonraker ya 1979 iliingiza kuliko zote zilizoitangulia, na wengi wanaiweka karibu na mlango wa kutokea. Tuzo nazo hazimalizi, maana wimbo wa Spectre ulipata Oscar na filamu yenyewe ikabaki inatafuta watetezi. Hata nyimbo zina orodha yake, na orodha hiyo haielewani na ile nyingine. A View to a Kill ya 1985 inaburuzwa mkiani na watu walewale wanaokiri kwamba wimbo wake wa Duran Duran ndio wimbo pekee wa Bond uliowahi kushika namba moja Marekani. Mtu mwenye akili angekata tamaa. Mpanga orodha anafungua ukurasa mpya.

Na asidhaniwe kuwa anacheza. Tazama alivyomtendea George Lazenby. Connery alipoondoka, nafasi yake ilipewa Mwaustralia huyu aliyewahi kuuza magari kisha akawa mwanamitindo wa matangazo, asiye na uzoefu wa kuigiza. Akacheza On Her Majesty's Secret Service mwaka 1969, akamsikiliza wakala aliyemwambia kwamba jasusi wa suti amepitwa na wakati, akatokea kwenye uzinduzi na ndevu na nywele ndefu, akaenda zake. Mwaka 1971 Connery akarudishwa, na filamu ya Lazenby ikabaki ikitajwa kwa aibu, ile ya yule jamaa wa mara moja. Walioifufua ni watu wa orodha. Waliitazama tena na tena, wakaona kwamba Peter Hunt, mhariri wa filamu za mwanzo aliyepewa kuongoza hiyo, aliyakata mapigano kwa kasi iliyokuwa mbele ya wakati wake. Wakaona kwamba Diana Rigg hakuletwa kuwa pambo. Wakaona kwamba Tracy, mke wa Bond anayeigizwa na Rigg, anapigwa risasi muda mfupi baada ya harusi na filamu inakoma palepale, mume amempakata marehemu, hakuna mlipuko wa kuliwaza. Leo imo ndani ya tano bora za orodha nyingi, na mwongozaji Christopher Nolan ameitaja kuwa ndiyo aipendayo kuliko zote. Rufaa hiyo ilichukua miaka kama arobaini. Najua mabaraza ya ardhi yanayokwenda kwa mwendo huohuo bila kumfurahisha yeyote.

Anayefuata kwenye foleni ya rufaa ni Bond mwingine, Timothy Dalton. Filamu yake Licence to Kill ilikuwa ya kwanza katika mfululizo kupewa daraja la kuanzia miaka 15 Uingereza, na ilitoka mwaka 1989 katika msimu mmoja na Batman na filamu ya tatu ya Indiana Jones, ambamo baba wa Indiana alikuwa nani? Connery! Bond akapigwa na Bond wa zamani, ikapita miaka sita bila filamu. Dalton alilaumiwa kwa hasira na ukavu. Mwaka 2006 Daniel Craig alikuja na hasira na ukavu uleule, akashangiliwa. Mpanga orodha ameliona hilo, na kila mwaka anamsogeza Dalton ngazi moja juu kimyakimya, asije akaonekana ana upendeleo.

Lakini fahari yake kubwa iko mkiani. Kuisifu From Russia with Love hakuhitaji kipaji, ni nzuri na inajitetea yenyewe. Kuitetea The Man with the Golden Gun ndiko kunakotaka moyo. Humo mna gari linaloruka juu ya daraja lililokatika huko Thailand, likajizungusha hewani mzunguko kamili na kutua kwa magurudumu yake manne. Mruko huo ulipigiwa hesabu kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukafanywa kweli, ukafaulu kwa mara moja. Kisha mtu akauwekea juu yake mlio wa filimbi ya vichekesho, ule unaopanda na kuteremka. Kuna shabiki aliyeishusha filamu nzima nafasi sita kwa sababu ya sauti ya sekunde mbili. Mwenzake ameiacha palepale, ikifika hapo anaziba masikio. Sijui wawili hao wakikaa meza moja wanapitishaje jioni, ila nina hakika hawaboreki.

Roger Moore ndiye aliyewapa kazi zaidi, filamu saba kati ya 1973 na 1985. The Spy Who Loved Me ilimalizika kwa kuahidi kwamba itafuata For Your Eyes Only. Mwaka huohuo, 1977, Star Wars ikatoka, na Bond akapelekwa angani kwanza. Ndiyo Moonraker, yenye gondola inayotoka mfereji wa Venice na kupanda nchi kavu hadi katikati ya uwanja, na njiwa anayegeuza kichwa mara mbili kwa mshangao. Njiwa huyu ana mashtaka mengi kuliko Blofeld, adui mkuu wa Bond. Kwenye Octopussy Moore anavaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi, pua nyekundu na rangi usoni. Anayeisoma orodha kwa haraka ataiweka chini kwa sababu hiyo. Mpanga orodha wa kweli atakukumbusha kwamba katika tukio hilo kuna bomu la nyuklia ndani ya kambi ya Wamarekani, Ujerumani Magharibi, dakika zinakwisha, na mtu pekee anayejua ukweli amevaa nguo ambazo hakuna atakayemwamini akiwa nazo. Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza. Sijabadili maoni kuhusu ule ukelele wa Tarzan unaosikika humohumo. Kuhusu A View to a Kill, Moore alikuwa na miaka 57, na mwenyewe alitania baadaye kwamba umri ulikuwa umemzidi kwa miaka mia nne hivi.

Die Another Day ya 2002 nayo ina gari lisiloonekana na jasusi anayeteleza juu ya wimbi lililotengenezwa kwenye kompyuta. Hata hapo wakili wake anasimama: baada ya aibu ile Eon walianza upya, wakaleta Casino Royale ya 2006. Bila gari lisiloonekana, anasema, tusingemwona Craig. Na Spectre? Filamu hiyo ilibuni gwaride la Siku ya Wafu katika jiji la Mexico, na tangu 2016 jiji lenyewe likawa linalifanya kweli. Filamu ngapi za tano bora zimeipa nchi sherehe?

Kuna pia elimu ya dini ya mambo haya. Blofeld alionana na Bond ana kwa ana mwaka 1967, lakini mwaka 1969 wanakutana mlimani Uswisi na Blofeld hamtambui. Sura zilikuwa zimebadilika pande zote mbili, kwa sababu waigizaji walibadilika. Wengine wakahitimisha kwamba James Bond ni cheo, hurithishwa kutoka jasusi hadi jasusi. Wapinzani wakaleta kaburi la Tracy, ambalo Moore analizuru mwaka 1981, kisha Skyfall ikaonyesha kaburi la wazazi wa Bond huko Scotland lenye jina la ukoo wake. Wa kwanza hawajasalimu amri. Na usiombe kukaa karibu na anayeipinga Goldfinger, iliyozoea nafasi ya kwanza. Atakuuliza Bond anafanya nini humo zaidi ya kukamatwa. Bomu la Fort Knox analizima mtu mwingine, saa ikisoma 007. Hilo la mwisho ni kweli. Nimelihakiki.

Kwetu Afrika Mashariki tuna dai letu. Casino Royale ina tukio lililoandikwa kuwa ni Mbale, Uganda, kambi ya waasi, kiongozi wao akikabidhi fedha kwa Le Chiffre, adui wa filamu hiyo. Miti ya Mbale ile iko Black Park, Uingereza, kama ambavyo Madagaska ya filamu hiyohiyo ilipigwa Bahamas. Anayeijua Mbale chini ya Mlima Elgon ana haki ya kuishusha filamu walau nafasi moja, na wapanga orodha wa London, ambao wameshusha filamu kwa makosa madogo kuliko hilo, hawana la kumjibu.

Kisha likaja pigo la 2021. Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua sheria moja: stelingi hafi. Adui atamfunga, atamzamisha, atampiga risasi begani, lakini stelingi hafi. No Time to Die, ndefu kuliko zote kwa dakika zake 163, ikamuua. Wapo walioiweka kumi bora kwa machozi. Wapo walioiondoa kabisa kwenye orodha, wakarudi kuhesabu 24, na ukiwauliza wanasema wanasubiri maelezo.

Maelezo hayo sasa yatatolewa na wengine. Februari 2025 familia ya Broccoli, iliyoshika hatamu tangu Dr. No, ilikabidhi uamuzi wa kisanii kwa Amazon, na Denis Villeneuve akatajwa kuongoza filamu ya 26. Mpanga orodha hajalala vizuri tangu hapo. Ukikutana naye, mheshimu. Usimwambie kwamba zote ni zilezile, maana hilo ndilo tusi pekee analolijua. Mwulize Thunderball ni ya ngapi, kisha tafuta kiti.