Karavani ya Shemeji

Ukishakuwa na pikapu ya dabo kebini katika ukoo wetu wa Embu, usijidanganye kwamba una gari. Una kazi. Utabeba mahema ya harusi, viti vya matanga na mbuzi wa mahari, na ukithubutu kutaja mafuta utaambiwa kumbe siku hizi umekuwa Mzungu. Yote hayo nilikuwa nimeyazoea. Halafu shemeji akanunua karavani.

Aliinunua Nanyuki, kwa Mzungu wa kweli aliyekuwa akirudi kwao Marekani, na akatangaza kwamba ataigeuza kibanda cha kahawa cha kutembea. Wakulima wa Embu na Meru walianza kuruhusiwa kulima kahawa tangu miaka ya 1930, na mpaka leo wakitoka shambani wanakunywa chai. Shemeji ameona hapo ndipo pesa ilipolala. Hajaona kwamba karavani za Kimarekani zina mlango upande wa kulia, kwa sababu kwao wanaendesha kulia. Hapa kwetu mteja atalipia kikombe chake akiwa amesimama barabarani, matatu inampigia honi mgongoni.

Mlango ni shida yake. Yangu ilikuwa breki, kwa maana dereva wa kuikokota hadi Meru alikuwa nani kama si mimi?

Anayeijua barabara ya Embu kwenda Meru anajua kwa nini nilinuna. Mito inashuka kutoka Mlima Kenya kuelekea Tana, na barabara inaikata ubavuni mmoja baada ya mwingine, hivyo kila mto una mteremko wake wa kukutisha na mlima wake wa kukuchosha. Kuna Thuci, kuna Ruguti, na mbele ya Chuka kuna Nithi. Nithi haitaniwi. Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia pale darajani na watu zaidi ya 30 wakafa. Na mimi, tangu tulipovuka mto Rupingazi kuingia Embu, nilikuwa nikikanyaga breki na kusikia karavani inanisukuma kwa nyuma kama mama mkwe mwenye haraka.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akatema muguka, akarudishia Big G shavuni, akainama chini ya trela.

“Mkubwa, hii imeisha mafuta ya breki.”

Nikamwambia haina mafuta. Ni breki za umeme. Akaniangalia vile daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyejitibu kwa gugo. Nikajitahidi: kuna kisanduku kidogo chini ya dashibodi, ukikanyaga kinapeleka umeme kwenye sumaku ndani ya kila gurudumu, sumaku inang’ang’ania dramu, dramu inaiburuta, nayo inavuta mkono unaopanua brekishu. Hakuna paipu, hakuna tone la mafuta.

“Sawa,” akasema, “lakini mafuta yako wapi?”

Fundi wa pili alikubali kwamba umeme upo, na akatoa ushahidi. Alileta kibalbu chenye nyaya mbili, akakichomeka kwenye soketi ya nyuma ya pikapu, akaniambia nikanyage. Kikawaka. Wapita njia wakashangilia. “Umeme umefika, mzee. Shida ni laini za brekishu,” akasema, na laini mpya zikanunuliwa kwa pesa zangu. Fundi wa tatu alifungua magurudumu, akapaka grisi kwenye beringi kwa ukarimu ambao sijawahi kuuona kwenye sahani ya pilau, na nyingine ikaenda kukaa juu ya hizo laini mpya.

Washauri nao hawakukosekana. Dereva wa pikapu za miraa, mmoja wa wale ambao mzigo ukitoka Maua lazima uwahi Nairobi kabla majani hayajanyauka, aliniambia siri ya mteremko ni kutoigusa breki kabisa. Kwake yeye naamini ni kweli.

Mteremko wa Thuci niliushuka kwa gia ya kwanza, na foleni ya malori nyuma yangu ikinitukana kwa Kimeru na Kiembu. Nilipofika Chuka nikaegesha. Nikampigia shemeji, nikamwambia kahawa yake ataiuzia hapo hapo.

Aliyetukomboa ni binti anayechaji betri na kutengeneza jenereta kando ya barabara. Hakuuliza habari za mafuta. Alichomeka mita yake kwenye waya wa gurudumu la nyuma, sumaku zote zikiwa zimeungwa, ndipo akaniambia nikanyage. Mbele, kwenye pikapu, volti 12. Nyuma, 7.

“Baba, kile kibalbu kilikudanganya,” akasema. Balbu ndogo haifiki hata ampea moja, hivyo hata waya mbovu unaiwasha. Sumaku moja inataka kama ampea 3. Ziko nne, piga hesabu. Akalala chini na tochi, akatoka na kipande cha waya wa spika ya redio, kimesokotwa kwenye waya mnene na kufungwa kwa karatasi ya nailoni. Waya wa kurudisha umeme kwenye betri haukuwapo kabisa. Umeme ulikuwa ukirudi kupitia ndoano ya trela, penye kutu chini na grisi juu.

Alivuta waya mnene mpaka nyuma, akafunga mwingine kutoka chasisi ya trela hadi betri ya pikapu, akafuta udongo mwekundu kwenye soketi. Laini zilizolowa grisi akazitupa, akafunga nyingine. Kisha akainua kila gurudumu kwa jeki, akaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma na kuzungusha kile kijigurudumu cha meno hadi brekishu zikaanza kukwaruza dramu, halafu akalegeza kidogo. Mita ikasoma karibu 12 nyuma kama mbele. Nithi niliishuka taratibu, na nikikanyaga, karavani inatii.

Meru shemeji aliipokea risiti akaisoma mara mbili.

“Waya?” akauliza. “Pesa yote hii ni ya waya tu? Na mbona mlango hamjaugeuza?”