Pongezi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, kutoka Manguredjipa

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wazazi, wakulima na wachimbaji wa Manguredjipa, sekta ya Bapere, teritori ya Lubero, tunakuandikia. Barua hii ilipaswa kukufikia zamani. Lakini mvua ikinyesha, barabara ya Butembo, ile inayopita Njiapanda, humeza malori, na madereva hujifunza habari za msuguano kwa koleo na magogo. Watoto wetu somo hilo wamelimaliza ubaoni, na viatu vyao visafi.

Nia yetu ni kukupongeza. Wizara yako imebadili majina mara nyingi, EPSP, EPST, na sasa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, lakini chini ya majina yote hayo imeshika jambo moja bila kuyumba: mtoto anaweza kukaa miaka minne ya humanite, yaani sekondari ya juu, akisoma kilimo, darasa likiwa limezungukwa na mikakao, na asiguse hata tunda moja kwa ajili ya masomo.

Mchukue mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Jina lake hatulitaji, maana yumo katika kila darasa. Mwamshe usiku wa manane umuulize habari za mkakao: atakupa jina la Kilatini, Theobroma cacao, na sehemu za ua lake kwa Kifaransa kilichonyooka. Muulize punje huchachuka siku ngapi; atasema tano hadi saba, na kwamba lazima zigeuzwe. Amepata alama zote. Sasa mpeleke nyuma ya nyumba, kwenye lundo lililofunikwa majani ya migomba, umwambie atie mkono aseme kama joto limefika. Atakutazama kana kwamba umemtukana. Mkono ni wa kuandikia.

Mama yake, ambaye hakuvuka darasa la nne, hutia mkono humo kila msimu na huwa hakosei. Ila naye hajaambiwa kwa nini mnunuzi hupasua punje kwa kisu kabla ya kutaja bei, wala ile rangi ya zambarau inayoonekana ndani inamshitaki kwa kosa gani. Kosa ni kwamba kakao haikuchachuka vya kutosha. Aliitoa siku ya tatu. Na aliitoa siku ya tatu kwa sababu mtoto alirudishwa nyumbani kufuata ada, ada ya shule anakosomea kwamba kakao isitolewe siku ya tatu. Na bei inayopotea si ndogo: mwaka 2024 tani moja ya kakao ilivuka dola 10,000 katika soko la New York. Mtoto anajua sababu, mama anajua kazi, wanalala chini ya paa moja, na hawajawahi kulizungumza jambo hili. Mtoto amefundishwa kwamba anachokijua mama si elimu, na mama ameambiwa hivyo hivyo mara nyingi mpaka amekubali. Kuwatenganisha watu wawili wanaokula sahani moja si kazi ndogo. Hongera.

Usidhani ni mambo ya juzi. Kabla ya kakao, wazee wetu walikuwa na kahawa ya robusta. Kuelekea miaka ya 1990 mibuni ya upande wa Beni na Lubero ilianza kunyauka: majani manjano, kisha tawi moja kavu, kisha la pili, mpaka shamba zima likawa kuni. Ugonjwa huo ni trakeomikosi. Ni kuvu inayoingia kupitia jeraha kwenye gome. Panga lililogusa mti mgonjwa huipeleka kwenye mti mzima, na shina lililokufa likibebwa kwenda kupikia huitawanya njia nzima. Dawa yake ni kung'oa, kuchoma pale pale, na kupanda aina inayostahimili.

Na haya yote yalijulikana, Mheshimiwa, tena si Ulaya tu. Yalijulikana Yangambi, katika kituo kikuu cha INEAC, shirika la utafiti lililoundwa na Wabelgiji mwaka 1933. Ugonjwa ule ule ulikuwa umeipiga kahawa ya Kongo kabla ya uhuru, na watafiti wakachagua mibuni iliyoweza kuuvumilia. Yangambi na Beni ziko nchi moja, bendera moja, Mtihani mmoja wa Serikali. Lakini mkulima wa Beni aliendelea kufyeka na panga lile lile na kubeba kuni zile zile katikati ya mistari ya mibuni mizima. Mwaka 1993 ugonjwa ulionekana Uganda. Kuvu haikuhitaji viza. Sehemu kubwa ya kakao inayosifiwa leo ilipandwa mahali pa ile kahawa iliyokufa. Sasa mikakao nayo inaoza matunda, na mtoto wetu anaweza kuutaja ugonjwa huo kwa jina lake la kisayansi bila kutikisa kope. Kwa hiyo tumetulia.

Kwenye kemia mambo ni mazuri zaidi. Mtoto anajua kwamba zebaki ni Hg, namba 80, na huchemka kwenye nyuzi 357. Katika machimbo ya dhahabu ya huku mashariki, pale zebaki inapotumika, mtu huikanda na mchanga kwa kiganja, kisha huichoma kwenye kikaango mpaka ibaki dhahabu, huku mwenye shimo, ambaye machimboni anaitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, ingawa kampuni yake ni koleo tatu na pampu, akisubiri pembeni. Anayevuta moshi ule ni mjomba wa mtoto wa kemia. Chungu chenye kifuniko na bomba la kupozea kingerudisha zebaki ndani ya chupa na kuyapa mapafu nafuu, na kanuni yake imo katika somo la unerekaji, daftari lile lile. Mtoto ameinakili vizuri. Mchoro wake una rangi mbili.

Hatusemi kwamba nadharia na vitendo havijawahi kukutana. Vimekutana, katika mwili wa mwalimu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitekeleza neno hilo. Bado wapo walimu wanaoitwa N.P., yaani wasiolipwa, wanaofundisha wakingoja namba ya mshahara. Jumatatu mwalimu wa namna hiyo anafundisha gramu ubaoni. Jumamosi yuko shimoni akiitafuta gramu yenyewe. Huyo hahitaji semina ya mbinu shirikishi.

Utasema tunadai mapya. Mwaka 1967 Kinshasa ilianzisha Mtihani wa Serikali, Exetat yetu. Mwaka huo huo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea akitaka shule iwe na shamba na shamba liwe somo. Tusidanganyane, huko nako katika shule nyingi jembe liligeuka adhabu ya wachelewaji, na kwetu hapa «kazi za mikono» maana yake ni kufyeka uwanja wa shule siku inspekta anapokuja. Hatuombi hilo. Mtoto aliyelima bila kuulizwa kwa nini mstari huu umeota na ule haukuota, huyo amechoka tu. Tunachosema ni kwamba Kinshasa nayo ilichagua njia yake: siku nne za sesheni ya kawaida, chagua herufi iliyo sahihi, kisha karatasi zisahihishwe kwa mashine, na mashine haina pua ya kunusa kakao. Matokeo yakitoka, vijana wanamwagiana poda, na sisi tunafurahi kwa kweli. Asubuhi yake diploma inawekwa ndani ya plastiki na mwenyewe anaomba koleo kwa PDG.

Tunajua utatukumbusha kwamba shule za ufundi zina jury ya mazoezi. Zinayo, nasi tunaiheshimu. Ila shule isiyo na shamba, wala mbuzi, wala bomba la sindano ya kuchanjia, mtahini atamtahini mtoto kwa kitu gani? Atamwomba aeleze angefanyaje, na mtoto ataeleza. Naye ni bingwa wa kueleza.

Hapa tunaacha utani kidogo. Tangu mashambulizi ya waasi wa ADF yalipozidi Bapere mwaka 2024, wengi wameuawa na wengi wamekimbilia Njiapanda na Butembo. Mkulima anayeuawa shambani anaondoka na ujuzi ambao hakuna daftari lililowahi kuuandika, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyewahi kutumwa kumuuliza. Familia inayokimbia inakwenda na vyeti ndani ya mfuko. Lundo la kakao haliwezi kubebwa. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye kitivo cha kilimo, kimekuwapo tangu 1989, na wakulima waliokimbia vita wako mtaa wa pili. Hilo ni darasa ambalo halihitaji hata jengo.

Ombi letu ni dogo, na halina gharama ya ndege. Sheria ya Mfumo ya tarehe 11 Februari 2014 inataka shule itoe raia wa faida kwake mwenyewe na kwa jamii. Basi katika jury ijayo ya kilimo, swali moja tu liulizwe mbele ya lundo la kakao badala ya karatasi, mtoto aruhusiwe kulijibu kwa Kiswahili au Kinande, na kando ya mtahini akae mkulima mmoja mwenye haki ya kutoa alama, na ya kuuliza pia, maana naye ana maswali. Kiti tutaleta wenyewe.

Wako watiifu,
Wazazi wa Manguredjipa