Skrini ya Nini, na Nani Ataiangalia?

Wasomaji, nisaidieni kuamua kesi hii. Nina programu ya kuchora grafu. Kazi yake kila usiku ni kusoma namba za mauzo, kuchora mistari, kuhifadhi mchoro kwenye faili, basi. Nimeiweka kwenye seva ya kukodi inayotumia Linux, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma katika nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Seva hiyo haina skrini, kibodi wala kipanya, na hakuna binadamu anayekaa mbele yake. Seva ndivyo zilivyo.

Programu imegoma. Inasema haikuweza kuunganishwa na skrini.

Skrini ya nini, mama yangu? Faili halina macho! Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani kitambaa cha kanzu, naye akatae kushika mkasi mpaka aletewe kioo cha kujitazamia, ilhali mwenye kanzu yuko Tabora.

Wenye kujua watasema tusiilaumu, ni malezi. Mfumo wa X, ambao kwa miaka mingi ndio umechora madirisha kwenye Linux, ulizaliwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani. Toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987, na ndilo tunaloburuzana nalo hadi leo kwa jina la X11. Enzi hizo lilikuwa wazo la maana sana: programu iendeshwe kwenye kompyuta moja, dirisha lake lionekane kwenye nyingine. Kwa hiyo kila programu ya madirisha ilifundishwa kuuliza kwanza skrini iko wapi. Jibu linasomwa kwenye kigezo kiitwacho DISPLAY. Kwenye kompyuta ya mezani mara nyingi kinasema :0, yaani skrini ya hapa hapa. Kwenye seva yangu hakina kitu. Programu inauliza, inakosa jibu, inakata roho.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta akaniona nimekunja uso. "Mjomba, hilo dogo. Andika tu DISPLAY ni sawa na nukta mbili, sifuri."

Tukaandika. Programu ikasema haikuweza kuunganishwa na skrini :0. Mabadiliko ni hayo tu: mwanzo ilikosa skrini isiyo na namba, sasa imekosa yenye namba.

"Basi Mjomba, ingia kwa ssh -X." Hiyo ni amri ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali na kuletewa madirisha yake, na kweli ina maajabu yake. DISPLAY ikajijaza yenyewe, localhost:10.0, na dirisha la grafu likasafiri kuvuka bahari mpaka kwenye laptopu yangu, taratibu kama linalipia nauli kwa kila kitone. Mpwa akashangilia. Mchana kutwa programu ikatii.

Saa nane usiku ikagoma tena. Kumbe cron, yule karani wa Linux anayeendesha kazi kwa ratiba, harithi vigezo vya mtu aliyeingia kwa mkono. Hajui DISPLAY yangu wala hana haja nayo. Na hata angeijua, skrini yenyewe ni laptopu yangu. Nikiifunga nilale, skrini imekufa. Yaani nimekodi seva isiyolala, halafu nikeshe mimi!

Ndipo tukafika kwenye dawa inayopendekezwa na wengi: Xvfb. Hii ni skrini ya uongo. Inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haina kioo wala waya, na hakuna atakayeiona. Unatanguliza neno xvfb-run kabla ya amri yako, programu inaambiwa skrini ipo, inachora kwa furaha na kuondoka. Msidhani ni utani wa wana-Linux peke yao. Madukani kuna vichomeko vidogo vya HDMI ambavyo kazi yao ni kuidanganya kompyuta kwamba imeunganishwa na skrini. Watu wanatoa pesa kununua uongo wa plastiki.

Uongo nao una gharama zake. Skrini hiyo kwa kawaida hupewa namba 99. Ikiuawa ghafla, huacha faili la kufuli, /tmp/.X99-lock, na anayekuja kuwasha nyingine kwa namba hiyo hiyo anaweza kuambiwa 99 ina mwenyewe. Skrini haikuwahi kuwepo, lakini kufuli lake ni la kweli! Ndiyo maana wazoefu huandika xvfb-run -a, ili itafutwe namba iliyo wazi.

Lakini kilichonichoma zaidi kimo kwenye ule ujumbe wa kosa wenyewe. Programu yangu imejengwa kwa Qt, zana za kutengenezea programu za madirisha, na Qt hulalamika kwa kirefu. Inasema kipande kiitwacho xcb kimepatikana ila hakikuweza kupakiwa. Inakushauri usakinishe programu upya, ushauri ambao hapa haukusaidii kitu. Halafu mwisho kabisa, bila maelezo, inapanga majina ya vipande vilivyopo, na mojawapo ni offscreen. Hicho ndicho cha kuchora bila skrini! Unaandika QT_QPA_PLATFORM=offscreen, kazi inakwisha. Dawa ilikuwa mfukoni mwake wakati inanililia.

Wenzake wana adabu zaidi. Chrome tangu mwaka 2017 inakubali kuendeshwa bila dirisha ukiiambia --headless. Java ina java.awt.headless. Matplotlib, nayo ya kuchora grafu, ina Agg, inayochora moja kwa moja kwenye faili. Kwa hiyo nanyi mliokwama, kabla ya kujenga skrini ya uongo, iulizeni kwanza programu kama inaweza kufanya kazi bila skrini. Xvfb iwe ya zile zisizosikia.

Na nyinyi mnaoandika programu, hukumu yangu ni hii: kuchora ni kazi moja, kuonyesha ni nyingine. Anayetaka faili apewe faili. Skrini mwombeni yule anayetaka kuangalia.