Namna ya Kuwa Mraibu wa Gemu Bila Kumpa Kazi Mshauri Nasaha

Uraibu wa gemu ni kazi ya kutwa kucha, na kama kazi nyingine yoyote una mafundi wake na wababaishaji wake. Wababaishaji hukamatwa mapema kwa uzembe tu: simu inalia risasi saa 8 usiku, hela ya bando inaombwa mara mbili siku moja kwa mtu yuleyule, kijana anasinzia juu ya sahani ya wali baba akimtazama. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanaotaka kudumu.

Kwanza kabisa, wazoeshe watu wa nyumbani kuhesabu saa. Mama akisema unacheza sana, usikatae. Muulize kwa upole, "Sana ndiyo saa ngapi, mama?" Akisema tano, mtajie binamu yako anayecheza saba na matokeo yake ya kidato cha sita yalipigiwa vigelegele. Akisema tatu, mkumbushe tamthilia zake za Kituruki, ambazo haziishi na yeye haachi. Mjadala wa saa hauna mshindi, na uzuri wake ndio huo: wakati unaendelea, hakuna anayepata nafasi ya kuuliza swali lenye madhara kwako.

Swali lenyewe, kwa bahati mbaya, Shirika la Afya Duniani limeshaliuliza. Mei 2019 nchi wanachama ziliidhinisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, likaanza kutumika Januari 1, 2022, na humo, kwenye namba 6C51, umo uraibu wa gemu. Ukiusoma huoni idadi ya saa hata moja. Wanaangalia mambo matatu tu. Kwamba kujizuia kumekushinda: unaanza bila kupanga, unaacha kwa shida. Kwamba gemu imepanda cheo ikayapita mambo yaliyokuwa yanakufurahisha pamoja na wajibu wako wa kila siku. Na kwamba madhara unayaona kwa macho yako na bado unaendelea, au unazidisha. Hali hiyo iwe imekuvuruga kweli, shuleni, kazini au nyumbani, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12, ingawa ikiwa kali hawasubiri mwaka utimie. Shirika hilohilo linasema wanaofikia hapo ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wote. Kwa hiyo huenda binamu yako wa saa saba ni mzima wa afya, na wewe wa saa tatu, uliyeacha mazoezi ya mpira, ukaacha kwenda kwa bibi na sasa unakula umesimama, ndiye mwenye kesi. Unaona sasa kwa nini tunamtaka mama abaki kwenye hesabu.

Baada ya hapo jifunze kudanganya, maana bila uongo uraibu haufiki mbali. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilipoorodhesha mwaka 2013 ishara 9 za tatizo hili, kikilitaja kama jambo linalohitaji utafiti zaidi, kuwadanganya watu kuhusu kiasi unachocheza kulikuwa mojawapo. Usiwaangushe. Kwenye kibanda cha pleisteshen kule nyuma ya stendi unalipa kwa mechi, na nauli ya daladala pamoja na hela ya chapati vinatosha kwa mechi kadhaa ukikubali kutembea kwa miguu na kushinda njaa. Geuza shati la shule ndani nje ili nembo isionekane, kaa mwisho wa benchi mbali na mlango, na usigombanie ile pedi ambayo raba ya kidole gumba imeisha. Makelele ndiyo yanayomfanya mama muuza mihogo achungulie, na mama muuza mihogo anamjua mama yako. Nyumbani usiku ni rahisi zaidi. Mama akiuliza toka chumbani kwake, "We Hamisi, umelala?" usijibu haraka, "Nimelala, mama." Wengi wameumbuka kwa jibu hilo.

Bando likikata utajisikia vibaya: mikono haitulii, kila anayekusemesha anakuudhi, mdogo wako akicheka unaona anakucheka wewe. Usikae ukaitafakari hali hiyo. Nunua bando jingine.

Vilevile usiulize kwa nini gemu yenyewe haina kituo cha kushukia. Zawadi ya leo inatolewa leo, usipoingia imepotea. Msimu unafungwa, ranki inashuka, kikosi kinakusubiri na wewe ndiye unayelinda mgongo wa wenzako. Kuna masanduku ya bahati unayoyalipia bila kujua yana nini ndani. Ubelgiji iliyaangalia mwaka 2018 ikaona baadhi yake ni kamari. Wewe sema ni skini tu, mapambo ya kwenye gemu. Watu waliosomea kutengeneza gemu hulipwa mishahara ili ushindwe kuondoka, na kijana wa kidato cha pili anapojiambia "mimi nikiamua naacha", anawapa moyo sana.

Serikali zisikutie hofu. Korea Kusini ilitunga sheria mwaka 2011 ikiwafungia watoto wa chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Watoto wakaingia kwa vitambulisho vya wazazi, na miaka kumi baadaye serikali ikaamua kuiondoa. Uchina ndio waliokaza: tangu 2021, aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, basi. Huku kwetu hujafungiwa na mtu.

Wazazi nao wana mchango wao, na naomba nizungumze nao kidogo. Mzee wangu, shikamoo. Ukitaka mwanao abaki alivyo, vunja simu mbele ya wageni. Mpe mfano wa mtoto wa jirani. Mwambie amerogwa, kisha mwambie ni mvivu, kisha mwambie amerogwa tena. Usimuulize hata siku moja alianza lini kujifungia, maana anaweza kukujibu kwamba ni wiki ile matokeo yalipotoka, au tangu mlipohama akapoteza marafiki wote, na hapo mazungumzo yatahama kutoka kwenye simu yaingie ndani ya nyumba. Hakuna mzazi anayelitaka hilo siku ya kazi. Na ile namba 116 ya kuwasaidia watoto, inayopigwa bure Tanzania na Kenya, usiihifadhi kwenye simu yako.

Pamoja na juhudi zote hizi, kuna siku utapelekwa tu. Atatokea shangazi aliyesikia kwamba hospitali ya mkoa ina kitengo cha afya ya akili, au mwalimu wa malezi atakuandikia barua uende kwa afisa ustawi wa jamii. Jiandae kuona kichaa aliyefungwa kamba kwenye benchi la kusubiri. Badala yake utamkuta mama mwenye mtoto mgongoni, mzee asiyepata usingizi, na askari kanzu mmoja anayesoma gazeti juu chini. Nao watakuwa wanajiuliza wewe umeletwa kwa nini.

Mama ataanza, "Dokta, mchome sindano aache." Mshauri atasema hana sindano ya hiyo kitu. Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu huyu mtu hafanyi unayoyategemea. Hakunyang'anyi simu. Hakuhubirii. Anaweza hata kukuuliza unacheza gemu gani na uko ranki gani, akaandika. Halafu anamwomba mama atoke nje kidogo, na anakuuliza unapoifungua simu huwa umetoka kufanya nini, na unakuwa unakimbia nini. Jibu "sijui." Atakupa daftari uandike kwa wiki nzima: ulianza saa ngapi, kabla ya hapo ulijisikiaje, baadaye ulijisikiaje. Andika yote usiku wa mwisho kwa kalamu moja. Ukiandika kweli, kila siku, utaona mwenyewe kwamba mechi nyingi zilianza mara tu baada ya baba kupandisha sauti, na hivyo ndivyo namna hii ya tiba ya mazungumzo inavyowanasa watu: wanaanza kujikamata wenyewe bila askari.

Mshauri akigundua chini ya uraibu huo kuna huzuni ya muda mrefu au hofu, atataka kutibu hiyo pia, na baba ataitwa. Mtapangiana mambo madogomadogo, simu ilale sebuleni, Jumamosi urudi uwanjani. Kataa. Dai kuacha yote kwa mkupuo kuanzia kesho. Ahadi kubwa ya namna hiyo huwa haimalizi wiki, na ikivunjika utakuwa na ushahidi kwamba ushauri nasaha hausaidii.

Miadi ya pili usiende. Mshauri akipiga simu kuuliza uko wapi, mwambie uko kwenye foleni Ubungo, daladala haisogei. Kumbuka tu kuzima sauti ya gemu kwanza. Mmoja alisahau, bunduki zikasikika zote, na mshauri akamwambia, "Basi malizia mechi, Hamisi. Nipo mpaka saa 9."